Kaburi Ulilomchimbia Elphas

Mukuru kwa Njenga, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake. Natumai barua hii itakukuta umeketi, maana magoti yako nayajua, na ninayotaka kukueleza si ya kusomwa ukiwa umesimama. Mguu wa kushoto umepona? Yule ng'ombe mweusi alizaa salama? Mvua imewafikia, au bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima. Naamka, nakwenda sokoni Gikomba, nauza nguo zangu za watoto, narudi. Watu huku wakiniuliza habari nawaambia nzuri, kwa sababu Nairobi hakuna anayengoja umalize kujibu.

Nimeandika kwa sababu simu unaikata. Tangu mambo haya yaanze umenikatia mara nyingi, hadi nikikupigia sasa naongea harakaharaka kama mchuuzi aliyewaona askari wa kanjo. Barua huwezi kuikata katikati. Na nakujua, Baba, ukianza kusoma kitu huwezi kukiweka chini kabla hakijaisha. Hivyo ndivyo ulivyotulea mimi na Elphas.

Baba mdogo Javan alinipigia wiki hii. Alizunguka sana kabla ya kufika alikotaka kufika, akaniuliza habari za biashara, akaniuliza bei ya viatu, ndipo akasema kwamba kaburi la Elphas bado liko wazi. Alisema maji ya mvua yameanza kuingia. Alisema wazee wamekuja mara mbili kukukumbusha kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi hivyo, kwamba lisipompata aliyechimbiwa litamtafuta mtu mwingine wa boma hilo hilo. Ulitaka mzike mgomba, wakakukatalia. Mgomba ni wa mtu ambaye mwili wake haujulikani ulipo, na mwili wa Elphas unajulikana ulipo. Uko chini ya meza yangu, kwenye chombo cha udongo, umefunikwa kwa kitambaa.

Kwa hiyo sasa unayataka majivu. Javan alisema angekuja yeye mwenyewe, ayachukue kwenye mkoba mdogo, myafukie kimya kimya watu wa nyumbani tu, kanisani pasitangazwe chochote. Nilimwambia jibu nitakupa wewe, si yeye. Jibu liko humu ndani, lakini kwanza utasikia mambo yalivyokuwa, kwa sababu huko umekuwa ukiyasimulia bila mimi.

Unawaambia watu kwamba Elphas alimwacha Yesu akafuata miungu ya Wahindi. Si kweli, Baba. Ingekuwa kweli ningekuwa wa kwanza kukuambia, maana mimi mwenyewe nilimcheka sana. Elphas hakumwacha Yesu hata siku moja. Shida yake ilikuwa kwamba alianza kumwona Yesu kila mahali.

Ilianza na mwalimu mmoja wa kwenye mtandao, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa akisema kwamba maandiko ya kale ya Wahindi yakisomwa kwa macho mapya yote yanamzungumzia Kristo. Unajua Elphas alikuwa mwalimu wa somo la dini, na mwalimu wa dini asiye na mtu wa kubishana naye nyumbani ni mtu wa hatari. Akawa anamsikiliza yule mzee kila jioni. Akanunua vitabu, akavipigia mistari. Akija kunitembelea kibandani kwangu sokoni ananieleza huku mimi napanga sweta. Aliniambia kwamba Wahindi walikuwa na Bwana wa viumbe vyote, Prajapati, aliyetolewa sadaka mwanzo wa dunia ili dunia iwepo, na kwamba huyo ni nani kama si Yesu? Krishna, mungu wao mwingine, alipozaliwa palikuwa na mfalme anaua watoto, sasa huyo si Herode? Na ile miaka ya ujana wa Yesu ambayo hakuna aliyeiandika, alikuwa wapi kama si India? Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona Wahindi wenyewe hawajui? Akaniambia hata Wayahudi hawakujua. Hayo ni majibu ya mwalimu, yanakufunga mdomo na swali lako unabaki nalo.

Pale nyumbani kwake Buruburu akaanzisha ushirika. Jumapili mchana walikuwa wakikutana sebuleni, karani mstaafu, mjane mmoja anayeitwa Mama Wangui, mafundi wawili watatu. Anawasha taa ya mafuta, anaweka maua ya manjano kwenye sahani, wanaketi kwenye mkeka watu wazima wenye magoti kama yako, wanafumba macho na kupumua polepole. Kisha wanaimba nyimbo zetu zile zile za kanisa la nyumbani, na Elphas anahubiri. Alipenda sana kusema kwamba mwili ni nguo tu, nafsi inaivua na kuvaa nyingine. Alikuwa anawaambia Mungu ana beli lake la mitumba mbinguni, analifungua na kumchagulia kila mtu. Hiyo aliitoa kibandani kwangu. Nilimwambia ahakikishe basi Mungu amewekewa zile za kwanza kuchaguliwa, zisije zikabaki suruali za mitindo ya zamani. Alicheka hadi akakaa chini.

Mkewe Lydia hakucheka. Alivumilia maua, akavumilia mkeka, lakini siku aliyokuta picha ya Krishna mtoto imetundikwa kando ya picha ya harusi yao alifunga nguo zake akarudi kwao. Hawakuwa wamepata mtoto, hata hilo unalijua.

Na usifikiri Wahindi walimpokea kwa vigelegele. Pale Gikomba, karibu na maseremala, kuna mzee mmoja Mhindi ana duka la misumari na bawaba, Mzee Ramesh. Elphas alikuwa akienda kwake kunywa chai na kumuuliza maswali. Siku moja nilikuwepo. Elphas alieleza hadi mwisho mambo yake ya Prajapati, na mzee akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia: "Mwalimu, umevaa koti langu, halafu unaniambia mimi kwamba lilishonwa na fundi wako. Dini yangu haikuwa ikingoja wewe uje uiambie ni ya nani." Elphas akamaliza chai yake. Wiki iliyofuata alirudi tena kunywa chai, na mzee akampa. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Wanabishana, wanagawana mandazi, hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Sasa tuje kwa Krismasi ile. Wewe unasema alikuja kukuaibisha. Baba, alikuja amekununulia koti. Alipopewa nafasi ya kusalimu kanisa alifikiri anawaletea zawadi. Nilikuwa nimekaa na akina mama, nikamwona uso unang'aa, nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu anataka kufundisha. Akawaambia kwamba Mungu hakuwasahau Wahindi, kwamba aliwanong'oneza habari za Mwanawe zamani sana, na akamtaja Prajapati, akamtaja Krishna. Mtu mmoja kule nyuma akacheka. Nafikiri ni kile kicheko kilichokukera, si Krishna. Ungeweza kumwambia aketi. Ungeweza kungoja mfike nyumbani. Wewe mzee wa kanisa ulisimama mbele ya wote, ukamnyooshea fimbo na kusema: "Wewe si wangu. Usikanyage boma langu ukiwa hai, wala usiletwe kwangu ukiwa maiti."

Kanisa zima liliguna. Huku mjini watu hutukanana asubuhi na mchana wakala pamoja, lakini sisi tunajua neno la baba kuhusu maiti ni neno la namna gani. Nilidhani utalirudisha kabla ya chakula. Elphas alisimama nje ya lango hadi jua likawa kali, ameshika mfuko wenye lile koti. Mwishowe akamwachia Javan, akapanda gari.

Alipougua alinificha kwa muda mrefu. Ini lilikuwa limekwisha, na madaktari walisema wazi kwamba hawana la kufanya. Nilikuwa namfulia na kumpelekea uji. Wale wa ushirika walikuja mwanzoni, wakapumua naye polepole, kisha wakapungua. Alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini akili yake timamu kabisa. Nilimtania, nikamwambia, sasa mwalimu, nguo yako ndiyo hii imechakaa, Mungu anakufungulia beli jingine. Nilitaka acheke. Akanishika mkono akasema: "Truphena, nafsi itajua njia yake. Lakini mwili huu nipelekeni kwa Mama. Mwombe Baba alirudishe neno lake."

Baba, nataka usome hapo tena. Hakuomba moto. Yeye na taa zake na maua yake, mwisho kabisa alitaka kulazwa kando ya Mama, kama mtoto yeyote wa kwetu.

Nilikupigia akiwa bado anapumua. Ulisema hujui mtu mwenye jina hilo. Nilikupigia alipofariki, nikiwa mochari. Ulisema pole, azikwe na watu wake, ukakata. Ulinipa pole, Baba, kama mtu unayempa jirani aliyepoteza mbuzi.

Nikaenda kwa chama cha watu wa kwetu hapa Nairobi, kama kila mtu anavyofanya akifiwa. Walikuja kwenye matanga jioni moja tu. Waliketi, wakaomba, kisha mwenyekiti akauliza atazikwa wapi. Wote walikuwa wanajua. Habari za Krismasi zilifika huku kabla yetu. Mwenyekiti alisema kwa upole sana kwamba bila neno la mzee hawawezi kusafirisha mtu. Tukifika langoni na jeneza, mzee akatoka na fimbo, tutasimama wapi? Tutarudi nalo Nairobi? Walimaliza chai wakaondoka mmoja mmoja, na mikeka niliyoazima kwa majirani nikabaki nayo peke yangu.

Nikawaendea wale wa ushirika, Buruburu. Niliwaambia nyumbani wamemkataa, Baba anasema azikwe na watu wake, na watu wake ni nyinyi. Wakatazamana. Karani mstaafu akasema makaburi ya mjini si mahali pa mwalimu. Nikawauliza, je, achomwe, kama wanavyofanya hao aliokuwa akihubiri habari zao? Ungewaona, Baba. Watu waliokaa mkekani wakiambiwa mwili ni nguo, leo wameambiwa nguo itachomwa, kila mmoja akakumbuka safari. Mmoja alikuwa na harusi Nyeri. Mwingine mgongo. Mama Wangui alilia tu. Niliwachukia, na bado nawachukia, lakini siwachukii kama ninavyoweza kumchukia mtu wa damu yangu.

Ni Mzee Ramesh aliyeniambia kwamba mahali pao pa kuchomea maiti hupokea hata wasio Wahindi, akanionyesha pa kuombea kibali. Hakunisukuma. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, akasema kwa watu wetu jambo hili ni zito, yeye ameishi nasi, anajua. Nikamwambia bado nina simu moja ya kupiga.

Nilipiga nikiwa pale pale uwanjani, kuni zimeshapangwa, Elphas amelala juu yake amefunikwa shuka jeupe. Sikutaka kukutisha. Nilitaka tu ujue kwamba hakuna tena kesho. Nilikwambia: "Baba, yuko juu ya kuni. Sema neno moja tu, namteremsha, namleta. Nitakodi gari mimi mwenyewe." Nilisikia kuku, nikasikia mtu anapiga jembe ardhini, nikadhani uko shambani. Kisha ukasema: "Wape hao wa Krishna wakamchome."

Nikasema sawa, Baba.

Mzee Ramesh akauliza nani atawasha. Alinieleza kwamba kwao anayewasha ni mtoto wa kiume wa marehemu. Asipokuwepo, ndugu yake wa kiume. Asipokuwepo, baba. Akaniuliza: "Baba yake yuko hai?" Nikasema yuko. Akaangalia langoni, kama mtu anayetarajia utaingia. Mhindi, Baba, asiyekujua, alikungoja pale langoni muda mrefu kuliko ulivyomngoja Elphas katika maisha yake yote. Alipoona hakuna anayekuja, alisema zamani kwao mwanamke hakupewa moto, lakini siku hizi wengine wanawapa, na yeye haoni kama Mungu atakasirika. Aliniambia kwamba hakuja kama kuhani wala hakubaliani na mafundisho ya mwalimu hata leo, amekuja kwa sababu walikunywa chai pamoja. Akanipa mwenge.

Nilizunguka kuni jinsi alivyonielekeza. Sitakuficha harufu yake, kwa sababu uliniambia nifanye na wewe ukabaki nyumbani. Inashika nguo. Nilichoma gauni nililovaa siku ile, na bado nikipita kando ya mtu anayechoma manyoya ya mbuzi pale sokoni, lazima nikae chini. Niliimba ule wimbo Mama alioupenda, mstari wa kwanza tu. Ng'ambo ya barabara, nje ya geti, Mama Wangui alikuwa amesimama na leso mdomoni. Hakuingia. Huo ndio ulikuwa ukoo wake wote, sisi wawili na Mzee Ramesh.

Sasa sikia aliloniambia Javan, nalo ndilo limenifanya niandike. Nilimuuliza kaburi lilichimbwa lini, maana nilidhani mlichimba baadaye, kwa majuto. Akasema lilianza kuchimbwa siku Elphas alipofariki. Wewe ndiwe uliyepima mahali, kando ya Mama, ukaketi kwenye kiti chako kuwasimamia vijana. Na ile simu yangu ya mwisho uliipokea ukiwa umekaa hapo hapo, kando ya shimo, vijana wakilimalizia. Lile jembe nililolisikia lilikuwa linamchimbia Elphas.

Nilimuuliza Javan, basi kwa nini alisema achomwe? Akaniambia, kama kitu cha kawaida kabisa, kwamba mzee hakatai moja kwa moja, mzee anakataa hadi aombwe sawasawa. Kwamba ulikuwa unatungoja. Tukuletee wazee wetu uwafukuze mara ya kwanza, turudi na jogoo tufukuzwe tena, turudi na wajomba, watu wa kwao Mama, wapige magoti, ndipo uiname na kusema mleteni. Uliona ndivyo ilivyofanywa kwa babu, na kwa Musa wa kule chini aliyemtukana baba yake. Hukuamini kwamba mtu wa kwetu anaweza kumchoma ndugu yake. Ulifikiri ni maneno ya simu.

Baba, mimi ningemtuma nani? Wazee wa chama walikuwa wanaogopa fimbo yako. Wajomba wamekufa, na wewe ndiwe uliyewazika. Nilikuwa na simu tu, nikaombea kwa hiyo simu nikiwa nimepiga magoti kwenye matope ya mochari, na wewe hukuyaona magoti, kwa hiyo ukasema sijapiga. Neno moja. Ungesema hata "ngoja", ningengoja. Ulikuwa na mtoto wako mkononi na kaburi lake miguuni, ukataka kwanza upewe jogoo.

Mimi simlaumu Krishna. Simlaumu yule mzee wa mtandaoni mwenye ndevu. Elphas alikuwa mjinga wa vitabu, alitaka watu wote wawe wa nyumba moja, na huenda alikosea kila kitu alichofundisha. Lakini hakumfungia mtu lango. Nakulaumu wewe, na nataka ulijue hilo kutoka kwangu, si kutoka kwa majirani.

Jibu langu basi ni hili. Elphas aliniomba nimpeleke kwa Mama, na nitampeleka. Lakini Javan haji, na hakuna mkoba wala kimya kimya. Ulimfukuza mbele ya watu, utampokea mbele ya watu. Kesho nampakia kwenye basi kama mzigo. Nimemweka kwenye kartoni, nikaizungushia nailoni, na juu yake nimeandika kwa kalamu nene kama tunavyoandika mizigo yetu Gikomba, jina lako na kilichomo ndani. Wale wa ofisi ya mizigo nimewaambia asikabidhiwe mtu mwingine, ni wewe tu na kitambulisho chako. Utaukuta siku ya soko. Anayetoa mizigo huko ni Asenathi wa kwaya, unamjua, alikuwepo kanisani siku ile. Atakuuliza umekuja kuchukua nini, ni kazi yake kuuliza. Utamwambia wewe mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, kwamba umekuja kumchukua mwanao Elphas. Akikuuliza tena, utarudia.

Barua hii anakuletea Mama Brenda, jirani yangu hapa Mukuru, anayesafiri leo jioni kumwona binti yake aliyejifungua. Mpe chai, ni mtu mwema, alinisaidia kukunja ile mikeka asubuhi yake. Nisalimie Javan, mwambie simkasirikii, alitumwa tu. Msalimie shangazi Rebeka anayekupikia, mwambie ile leso aliyoiagiza nimeipata, ya rangi ya zambarau. Wasalimie watoto wa Javan na mwalimu wa Jumapili aliyetufundisha kusoma mbele ya watu. Nenda kwa Mama pia, umng'olee magugu, umwambie nampenda na mtoto wake yuko njiani.

Mimi siji. Usiniulize Krismasi, wala usinitumie mtu.

Na iwapo utaona aibu, ukakaa nyumbani, hakuna neno. Mzigo usiochukuliwa hurudishwa kwa aliyeutuma. Nitakwenda kumpokea kaka yangu hapa steji ya mabasi, nitamrudisha chini ya meza, tutakaa naye. Kaburi litabaki lilivyo, kando ya Mama. Elphas alikuwa na urefu wako, Baba. Halitahitaji kuongezwa.

Ni mimi binti yako uliyebakiza,
Truphena